Kambi Iliyouliza

Kina mama wengine waliuliza chakula. Waliuliza watoto watalala wapi, kama kuna blanketi, kama wezi wanaweza kuruka ua. Mideva aliuliza damu. Kila kambi aliyoikanyaga Agosti ile ya mwaka wa tisini na sita, swali lake lilikuwa hilo hilo: mtoto akishatahiriwa, damu ikikataa kusimama, nyinyi mtafanya nini? Na wanaume, si unawajua wanaume, walimcheka.

Siku hizo makanisa ya Eastlands, mashariki ya Nairobi, yalikuwa yameanza kuwakusanya wavulana likizo ya Agosti. Badala ya kumpeleka mtoto mashambani akatahiriwe kwa mila, unampeleka kambini. Anatahiriwa pale pale, anakaa hadi apone, anafunzwa Biblia na adabu, anarudi nyumbani mwanaume. Jambo zuri, mimi sikatai. Lakini mji huu ukiona jambo zuri hauliachi likapoa, na muda si muda kila mwenye turubai na wembe alikuwa na kambi.

Kambi moja ilikuwa hapo hapo mtaani Huruma, karibu na ploti alimoishi Mideva na mumewe Opicho na mtoto wao Khisa. Msimamizi alimwonyesha nyembe zake ndani ya kopo, akajisifu kwamba mmoja unatosha wavulana wanne. Wanne! Mwaka ule ambao ploti haikupumzika kuchangia mazishi, na hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Mideva alisema asante, akatoka mbio. Kambi nyingine, kule Umoja, mtahiri mwenyewe alikuwa ananuka chang'aa jua likiwa bado halijachoma.

"Mama, damu nyingi ni ya uoga," alimwambia. "Kijana jasiri hatoki damu."

Mideva alimtazama, akatamani kumzaba kofi. Badala yake akashukuru, akaaga kwa heshima kama alivyolelewa, akaenda kulia nyuma ya kibanda cha mboga.

Sasa nikwambie kilichokuwa kikimkereketa, maana bila hicho utamwona mwanamke msumbufu tu. Mideva alikuwa na kaka, Andati. Kijana huyo alitahiriwa kwao Maragoli wakati Mideva bado msichana mdogo wa kutumwa maji, na damu yake haikusimama. Ilitoka usiku ule, ikatoka kesho yake. Wazee wa nyumba wakaketi uani kutafuta nani katika ukoo ana kosa, nani amegombana na nani na hawajapatana, kwa sababu kwao damu ya namna hiyo ilikuwa na mwenyewe. Walipatanisha mashangazi. Wakapatanisha majirani. Mtu alipokumbuka kwamba kuna hospitali, Andati alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Baadaye mama yao aliwakusanya wasichana jikoni akawaapisha. Mkiulizwa, ni malaria. Nyumba ikijulikana damu yake haisimami, nani atakuja kuoa humo? Wakaapa. Mideva alipomjua Opicho, kijana Mbukusu mwenye kazi kwenye kiwanda cha sabuni, alimwambia kaka yangu alikufa kwa malaria, na Opicho akasema pole sana.

Halafu akazaliwa Khisa. Mmoja tu, wengine hawakuja, na mama mkwe hakuacha kuuliza mbona nyumba ya mwanawe ina sauti moja. Khisa aling'olewa jino akatoka damu siku mbili. Opicho alimlaani mng'oa meno. Khisa alicheza mpira uwanjani, goti likavimba likawa kama boga. Opicho akailaumu changarawe. Mideva hakulaumu kitu. Alikanda goti kwa maji ya chumvi, akijua anachokijua, na kila mwaka mtoto alipoongeza kimo yeye alipunguza usingizi.

Kutotahiriwa kabisa? Usinichekeshe. Mtoto wa Opicho! Kwa Wabukusu ulikuwa mwaka wa tohara, na mwaka huo ukipita ni kungoja miaka miwili. Opicho mwanzo alitaka kumpeleka Bungoma, mtoto aende kwa mjomba wake kwanza kuomba baraka ndipo arudi kupakwa matope mtoni alfajiri. "Hana mjomba," Mideva alisema, akalia hadi mumewe akachoka. Ndipo Opicho akakubali kambi ya kanisa. Aliwaudhi ndugu zake kwa ajili ya mkewe. Kwa hiyo Mideva hakuwa na machozi mengine ya kutumia. Kilichobaki ni kuchagua kambi isiyoua.

Akaipata mtaa wa Tena, ndani ya ua wa kanisa, kuta zimepakwa chokaa na choo kinafungwa. Ilisimamiwa na mzee wa kanisa aitwaye Bwire, mtu wa Busia mwenye sauti kubwa na moyo safi. Daktari alikuwa anakuja siku ya tohara. Na kulikuwa na muuguzi, Sista Mutheu, Mkamba mfupi asiyecheka ovyo. Mideva alipouliza swali lake, Mutheu hakumcheka.

"Tunafunga, tunashona, tukishindwa tunakimbia hospitali kuu," alisema. "Lakini swali lako liko upande usiofaa, mama. Kitu kama hicho hujulikana kabla ya kisu. Njoo Jumapili kwa mkutano wa wazazi."

Mideva alitembea kurudi nyumbani akiimba. Mtu anayejua kwamba kitu hicho hujulikana kabla! Alikuwa amezunguka mitaa hii yote akitafuta mtu mmoja tu kama huyo. Alimwambia Opicho kambi imepatikana, na Opicho akasema haya, Bwana asifiwe, sasa turudie kulala.

Jumapili baada ya ibada wazazi walikaa kanisani, baba na mama pamoja, na mashemeji, na majirani wa mashemeji, kwa sababu watu wetu hawaendi mahali wawili. Mutheu alisimama mbele akaanza kuuliza familia moja baada ya nyingine, kwa sauti, mbele ya wote. Mtoto ana pumu? Ana kifafa? Kuna dawa anameza? Halafu: "Katika ukoo, upande wa baba au wa mama, kuna mtu yeyote aliyewahi kutokwa na damu isiyosimama?"

Familia ya kwanza ikacheka. Ya pili ikasema Mungu apishe mbali. Zamu ikafika kwa Opicho, akajibu yote kwa haraka, hapana, hapana, hana. Kwa la mwisho akasema, "Kwetu hakuna." Akamgeukia mkewe. "Na kwenu?"

Hebu jiweke hapo. Upande huu mume, upande ule kaka mkubwa wa mume, aliyekuja kuhakikisha kambi si ya kitoto. Nyuma yao watu wa Bungoma wamejaa benchi mbili, na kila mmoja ana mdomo. Mideva aliona maneno yakipanda basi jioni ile yakishuka kwa mama mkwe kesho asubuhi. Ndiyo maana nyumba ina sauti moja! Alituletea damu mbaya! Aliwaona dada zake wawili walioolewa, waume zao wakiwatazama kwa jicho jipya. Alimwona mama yake jikoni, mkono juu.

"Hapana," alisema.

Mutheu akaenda kwa familia iliyofuata.

Mwanamke huyu, jamani. Kambi zote alizozizunguka zilikataa kuulizwa. Hii moja ikamuuliza yeye, na yeye akaidanganya. Kambi salama aliipata, akaiharibu kwa ulimi wake mwenyewe, na alijua hivyo kabla hajainuka kwenye benchi. Alijiambia atamtafuta Mutheu faragha. Jumatatu akaenda, Mutheu hayuko. Siku iliyofuata akaenda akamkuta na wanawake wengine, akazungumzia mashuka. Kisha akajiambia labda Khisa amemfuata baba. Mtu akizama hushika hata povu, na Mideva alishika povu hilo wiki nzima.

Siku yenyewe Khisa aliondoka na baba yake asubuhi, amenyolewa kichwa kinang'aa, anatembea kama mtu aliyenunua ploti. Wenzake walimpigia mbinja kutoka ghorofani.

"Niaje, Khisa! Leo ndio leo!"

"Poa! Mkiniona tena mtaniita mzee!"

Kina mama hawakutakiwa kule. Hiyo ilikuwa sheria ya kambi na ilikuwa sheria ya kwao kabla ya kambi: mama haonekani mpaka mtoto apone. Mideva alibaki karoni akifua shati moja. Alilifua, akalisuuza, akalipaka sabuni tena. Jirani yake Nthoki, mke wa mchonga vinyago, alikuja na ndoo yake akamtazama.

"Mama Khisa, hilo shati limekukosea nini?"

Na hapo ndipo lilipomtoka. Si kwa mume, si kwa mchungaji, bali kwa Nthoki, karoni, mikono imejaa povu. Yote: Andati, kiapo cha jikoni, jino, goti, swali la kanisani. Aliyasema bila kupumua, akamaliza akitazama maji machafu yakienda.

Nthoki aliangusha ndoo. "Aka! Na uko hapa unafua?"

"Mama haruhusiwi kwenda."

"Haruhusiwi na nani? Na jeneza? Mideva, kimbia! Kimbia, wewe mwanamke, nitakupiga!"

Akakimbia. Na kanga ya kufulia kiunoni, na ndala miguuni. Alipata gari la kwenda Mutindwa, kituo cha karibu na kanisa, na kila liliposimama kupakia alimwomba utingo kwa jina la Yesu, hadi utingo akamwambia dereva twende tu, huyu mama ana msiba. Neno hilo lilimchoma. Alipofika Mutindwa aliruka kabla gari halijasimama. Ndala moja ikabaki barabarani, akaiacha.

Lango la kanisa lilikuwa limefungwa. Ndani wavulana waliimba tenzi. Mzee Bwire alikuwa amekaa kwenye kiti langoni, akainuka mikono imetanda.

"Rudi, mama. Unajua sheria."

"Mzee Bwire, nifungulie. Khisa asiguswe."

"Kila mwaka anakuja mmoja kama wewe. Roho ya mama ni hiyo, tunaielewa. Enda nyumbani, omba. Ukiingia hapa utawavunja wavulana wote moyo."

"Baba yangu, nakupigia magoti." Na akapiga, pale kwenye vumbi. "Mwite Sista Mutheu tu. Nimwambie neno moja."

"Sista ameshavaa glovu. Wameshaanza."

Wameshaanza. Mideva aliinuka. Aibu ya miaka yote, kiapo, dada zake, mama mkwe, vyote vilimtoka mwilini kwa pamoja, akashika vyuma vya lango akapiga yowe ambalo nadhani hata Umoja walilisikia.

"Opicho! Baba Khisa! Kaka yangu hakufa kwa malaria! Nilikudanganya! Andati alikufa kwa kisu! Damu yake haikusimama, na ni yetu, ni ya kwetu, na nimempa Khisa! Msimkate! Mtaniulia mtoto!"

Tenzi zilikatika. Wanaume wakatokea mlangoni, mmoja, wawili, kundi. Opicho alikuwa katikati yao, mdomo wazi, na kaka yake nyuma ya bega lake. Halafu Mutheu akawasukuma wote akaja hadi langoni, mikono yenye glovu ameinua juu.

"Khisa wa Opicho?"

"Ndiye."

"Yuko mezani." Mutheu aligeuka akapaza sauti ndani, "Daktari, ngoja! Acha huyo!" Kisha akamrudia Mideva kwa hasira. "Nilikuuliza. Mbele ya kanisa zima nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza."

"Ningemzika mimi! Kwa mikono hii!"

Mideva aliachia vyuma vya lango.

Kaka yake Opicho ndiye aliyesema kwanza. Alisema hizi ni mbinu za wanawake, mtoto ameshanyolewa, ameshalala mezani, anaondokaje hapo na uso gani? Mzee Bwire alisema labda tuombe halafu tuendelee. Kisha wote wakamtazama Opicho, kwa sababu mtoto ni wake. Opicho alimtazama mkewe kupitia vyuma vya lango. Mideva alingoja atukanwe. Alikuwa tayari kufukuzwa hapo hapo, arudi kwao na kanga ya kufulia.

"Goti lile," Opicho alisema polepole. "Na jino." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mtoeni. Mtoto wangu mtoeni."

Mutheu aliwapeleka hospitali kuu mwenyewe. Wakatolewa damu, wakarudishwa, wakaitwa tena, na mwishowe daktari akawaambia kinagaubaga. Damu ya Khisa haikuwa na kitu cha kuigandisha. Ni hali ya kuzaliwa, mama huibeba na mtoto wa kiume huugua, na haina uhusiano na dhambi ya mtu. Asitahiriwe popote pale ila hospitalini, penye dawa maalumu, na dawa hiyo hospitali yenyewe ilikuwa inaingoja. Hadi lini? Daktari akainua mabega.

Opicho hakumfukuza mkewe. Njiani alisema neno moja, "Ungeniambia," na hilo lilimuuma kuliko kipigo. Akaenda zake kwa kaka yake huko Kariobangi, akawe ngao ya nyumba yake mbele ya ukoo.

Khisa alitembea mbele, kichwa kimenyolewa, hakuna mtu Huruma asiyejua maana ya kichwa hicho na hakuna asiyeona kwamba anatembea vizuri mno. Wavulana wa ghorofani hawakupiga mbinja. Siku zikaenda, wenzake wakiwa kambini, yeye akajifungia na pazia. Hakula alichopikiwa. Mama yake alipoingia, alitoka. Kisha mchana mmoja, baba yuko kazini, Mideva akamkuta anapanga nguo kwenye mfuko.

"Unaenda wapi?"

"Bungoma."

"Kufanya?"

"Kwa babu. Huko hawaulizi maswali. Nikisema nataka, hakuna wa kunikataza. Nauli ninayo, baba mkubwa amenipa."

"Khisa, umemsikia daktari. Utakufa."

"Sawa." Alilisema hivi hivi, kama mtu anayekubali chai. "Mathe, si nimeshakufa? Wasee wakirudi nitakuwa nani? Nitakaa na watoto wa nasari?"

Mideva alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake, ingawa mtoto alikuwa amemzidi kimo na angemsogeza kwa mkono mmoja. Aliomba. Alilia. Alimwambia yeye ni mmoja tu. Khisa alifunga mfuko. Kisha akauliza, akitazama zipu, "Huyo mjomba. Alipokatwa, alilia?"

Mideva akashtuka. Aliliona jambo kwenye uso wa mtoto ambalo hakulitarajia kabisa. Ilikuwa hamu. Siku hizi zote nyuma ya pazia, Khisa hakuwa anamhurumia Andati. Alikuwa anamwonea wivu.

Na Andati hakulia. Huo ndio ukweli, na Mideva aliuona kwa macho yake, akichungulia kati ya miguu ya watu. Andati alisimama wima, macho juu, hakupepesa hata ukope mmoja. Wanawake walipiga vigelegele hadi sauti zikawakauka. Hata kesho yake, damu ikimwisha kwenye mkeka, alikuwa anatabasamu na kuuliza kama baba ameona. Mama yao hakubakiwa na picha ya mwanawe, wala shati. Alibaki na hilo moja, na alilisema kila mwaka hadi siku ya kufa kwake. Mwanangu hakulia.

"Alilia," Mideva alisema.

Khisa akainua macho.

"Alilia sana. Kisu kilipomgusa tu alipiga kelele akataka kukimbia, ikabidi wanaume wamshike. Halafu siku ya pili damu ilipozidi akalia tena, akamwita mama kama mtoto wa kunyonya. Akajikojolea. Watu wote waliona." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimwogofya. "Damu hiyo haina mwanaume, Khisa. Hata ungejikaza vipi, ikiendelea kutoka utalia. Na Bungoma nzima itakutazama."

Khisa alikaa kitandani. Aliuweka mfuko magotini. Kufa hakukumtisha. Hili lilimtisha.

"Kumbe alikuwa mwoga tu," alisema.

"Ndiyo," Mideva alisema. "Alikuwa mwoga."

Akauchukua mfuko magotini mwa mwanawe, akaanza kutoa nguo moja moja.